Mafyulisi yanalainika lakini hayawi matamu: nakosea wapi?

SWALI: "Mtaalamu, shikamoo. Kila Januari tukirudi Dar kutoka Moshi baada ya sikukuu, tunasimama Mombo kununua plamu na mafyulisi ya Lushoto. Pale barabarani yanapendeza, mekundu kweli kweli. Tukifika Tabata, nusu yake ni magumu na machachu. Nikiyaacha mezani yanaoza kabla hayajawa matamu. Safari hii niliyaweka kwenye friji siku kumi nikidhani yataiva polepole, yakawa makavu mdomoni kama pamba. Na pakiti moja ya cheri niliyonunua supamaketi kwa bei ya kuumiza haikuiva kabisa. Nakosea wapi? Mume wangu anasema tuachane nayo, tule maembe."

JIBU: Marahaba, dada yangu. Msiachane nayo. Makosa yako ni mawili tu, na la kwanza ni kuyatendea mafyulisi kama tunavyoitendea ndizi.

Sisi tumelelewa na ndizi. Mkungu unakatwa ukiwa kijani kabisa, unavundikwa, na baada ya siku chache unatoka mtamu. Hilo linawezekana kwa sababu ndizi mbichi imejaa wanga, na wanga huo ndio unaogeuka sukari huko ulikovundikwa. Embe lililokomaa nalo lina akiba ya wanga, ndiyo maana ukilichuma gumu leo, wiki ijayo litakuwa limekolea utamu. Fyulisi halina akiba hiyo. Sukari yake yote huletwa na majani, siku baada ya siku, likiwa bado limening'inia, na nyingi huingia katika wiki za mwisho. Likishakatwa kwenye tawi, sukari iliyomo ndiyo hiyo hiyo. Plamu ni vilevile.

Kinachoendelea baada ya kuchumwa ni mambo matatu: nyama hulainika, harufu huja, na uchachu hupungua kidogo. Kupungua kwa uchachu ndiko kunakotufanya tuseme limekuwa tamu zaidi, kwa kuwa utamu uliokuwa umefunikwa sasa unaonekana. Lakini kama haukuwepo, hakuna cha kuonekana. Tunda lililochumwa changa utalilainisha mpaka lioze, wala halitakuwa tamu. Hayo ndiyo yaliyokupata mezani kwako.

Kwa hiyo kazi kubwa ni pale Mombo, wakati wa kuchagua. Lugha yetu imetupa maneno mawili ambayo tusiyachanganye: kukomaa na kuiva. Tunda lililokomaa limemaliza kukua na limeshapokea sukari yake, hata kama bado ni gumu. Hilo ukifika nalo nyumbani litaiva vizuri. Changa halitaiva, litanyauka au litaoza. Wewe unatafuta lililokomaa.

Wekundu ndio unaotudanganya wengi. Upande wa fyulisi unaopigwa na jua huwa mwekundu hata tunda likiwa changa, na aina nyingi zilizozalishwa kwa ajili ya soko hupata rangi hiyo mapema mno. Angalia rangi iliyo chini ya wekundu, kando ya kikonyo na upande uliokuwa kivulini. Ikiwa ni kijani cha majani, liache. Ikiwa imegeuka manjano hafifu, au nyeupe kama maziwa kwa yale yenye nyama nyeupe, limekomaa. Kisha linuse. Fyulisi lililo tayari hunukia kabla ya kukatwa, na harufu hiyo haina mfano wa kuigwa. Ukilinusa usisikie kitu, bado lina siku kadhaa, au halitafika kabisa.

Usilibonyeze kwa ncha za vidole. Kila alama ya kidole leo ni doa jeusi kesho, na anayekuja nyuma yako atalinunua likiwa limeshaumia. Liweke kiganjani, ulikumbatie kwa mkono mzima, upime kama linaitika kidogo kwenye mabega yake karibu na kikonyo. Likiwa na mikunjo midogo hapo begani, usilidharau, mara nyingi hilo ndilo tamu kuliko yote kwenye sado. Kwa plamu angalia ncha ya pili, ile iliyo mbali na kikonyo, kwa kuwa huanzia kulainika huko. Ule unga mweupe juu ya ganda la plamu si dawa wala vumbi, ni nta ya tunda lenyewe, na ukiuona haujafutika ujue tunda halijashikwashikwa sana.

Halafu omba kuonja. Muuzaji anayeujua mzigo wake hakatai. Ukionja plamu, kumbuka kwamba uchachu wake mwingi uko kwenye ganda na karibu na kokwa. Nyama ya katikati ndiyo itakayokwambia ukweli. Ganda likiwa chachu na nyama ikiwa tamu, nunua; baada ya siku mbili tatu uchachu utashuka. Nyama ikiwa ya majimaji, haina ladha ya kusemea, hata bei ikishuka nusu usichukue.

Mimi kabla ya bei huuliza mvua. Msimu wa plamu na mafyulisi ya Usambara, kati ya Desemba na Februari hivi, huanza vuli ikiwa inamalizikia. Mvua kubwa ikinyesha siku chache kabla ya kuchuma, tunda hunywa maji na utamu wake huwa mwepesi, na ganda lililolowa huoza upesi. Likipita juma la jua, mzigo wa mti ule ule hubadilika. Kwa sababu hiyo ninyi mnaopita mwanzoni mwa Januari huwa mnapata mchanganyiko. Ukipata safari ya mwishoni mwa Januari, au ndugu wa kukuletea, utaona tofauti.

Naomba pia usimlaumu mkulima anayechuma mapema. Nimekaa na wakulima wa milimani msimu baada ya msimu, najua wanachopambana nacho. Fyulisi lililoivia mtini halina ubavu wa kusafiri kwenye tenga, likishuka kona za Soni huku limebebeshwa wenzake kilo ishirini. Ngedere na ndege nao wanajua siku ya kuiva kuliko mwenye shamba. Na nzi wa matunda hutaga kwenye tunda linalolainika. Basi mkulima huchuma siku chache kabla ili apate chochote. Unachoweza kufanya wewe mnunuzi ni kumwambia muuzaji kwamba uko tayari kulipa zaidi kidogo kwa yaliyokomaa vizuri. Wanunuzi wakisema hivyo wengi, ujumbe hupanda mlima.

Na kama gari ni lenu, siku moja pandeni wenyewe. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu za lami. Mombo iko bondeni kwenye joto. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi za Selsiasi. Matunda uliyoyaona Mombo saa nane mchana huenda yamekaa juani tangu asubuhi. Yale yale, yakinunuliwa juu alfajiri yangali na ubaridi wa usiku, hudumu siku mbili zaidi. Watoto wakila fyulisi lililoivia mtini, pale pale chini ya mti, juisi ikiwachuruzika mpaka viwikoni, watakuwa na kipimo cha kulinganishia maisha yao yote.

Baridi hiyo ndiyo sababu miti hii iko Lushoto, Njombe, Makete na nyanda za Mbeya, na kwa wenzetu wa Kenya iko Limuru na sehemu nyingine za juu, wala haiko Tabata. Asili ya fyulisi, na ya plamu tunayoilima zaidi huku kwetu, ni China, kwenye majira ya baridi kali. Mti hupukutisha majani, hulala, na ili uamke na kutoa maua unahitaji saa kadhaa za ubaridi, kwa kawaida chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingine zinataka saa 1,000, nyingine zinatosheka na mia mbili. Katika nyanda za juu za ukanda wa joto, wapo wakulima wanaoupukutisha mti majani kwa mkono baada ya mavuno ili kuuzindua. Nakwambia haya mapema kwa sababu najua watoto watataka kupanda kokwa uani. Likiota Dar es Salaam litawapa majani, halitawapa matunda.

Jambo moja la majina, maana huwa linawachanganya watu: kamusi nyingine huita plamu "zambarau". Zambarau ya pwani, ile inayotia ulimi rangi, ni mti wa ukoo mwingine kabisa, jamaa ya mpera na mkarafuu. Plamu, fyulisi, cheri, aprikoti na hata lozi ni ndugu wa damu. Embe na nazi pia huhesabiwa kuwa matunda ya kokwa kwa umbile, ila si wa ukoo huo.

Sasa tufike Tabata. Dar es Salaam ya Januari ina joto la nyuzi 31 au 32 mchana, na usiku haipoi sana. Mafyulisi huiva vizuri kati ya nyuzi 18 na 25. Yakizidishiwa joto, kuoza hukimbia kuliko kuiva. Kwa hiyo meza ya sebuleni karibu na dirisha si mahali pake. Tafuta sehemu yenye ubaridi kuliko zote ndani ya nyumba. Mara nyingi ni sakafuni kwenye vigae, kwenye chumba kisichopigwa na jua la mchana. Chukua ungo, tandika gazeti, panga matunda safu moja yasigusane, mafyulisi yakiwa yamegeuzwa kikonyo chini. Usiyaoshe bado. Unyevu ni rafiki wa ukungu, osha lile unalokwenda kula.

Yakague asubuhi na jioni. Lenye jeraha linaliwa siku hiyo hiyo au linakatwa. Ukungu wa kahawia ukianza kwenye tunda moja hurukia jirani yake kwa usiku mmoja. Yale magumu yaliyokomaa unaweza kuyaharakisha kwa kuyaweka kwenye mfuko wa khaki pamoja na ndizi mbivu moja. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoliambia fyulisi nalo liive. Mfuko uwe wa karatasi. Wa plastiki hubana jasho la matunda, na utayakuta yamelowa.

Kosa la pili, na hili nataka ulikumbuke kuliko yote: usiweke fyulisi gumu kwenye friji. Friji za nyumbani huwa kwenye nyuzi 4 au 5. Kwa fyulisi, ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8 hivi ndio mbaya kuliko ubaridi wote, kwa maana hiyo hata nyuzi sifuri zina nafuu. Ndiyo maana wasafirishaji wakubwa hukaza ubaridi wa makasha yao karibu na sifuri. Kinachotokea ni hiki. Tunda linapoiva kawaida, vimeng'enya vyake huvunja pektini, ile gundi inayoshikamanisha seli, kwa hatua zinazofuatana, na juisi ikaachiliwa. Ubaridi wa friji unazizima hatua moja na kuiacha nyingine iendelee. Gundi inabaki nusu imevunjwa, inageuka utelezi mzito unaoifunga juisi ndani yake. Maji yamo, ila hayatoki ukitafuna. Ndiyo ile pamba uliyoisikia. Na likishaharibika hivyo, kulirudisha kwenye joto hakulitengenezi. Mara nyingi ndipo uharibifu unapoonekana zaidi, nyama ikawa ya kahawia karibu na kokwa.

Utaratibu sahihi ni huu: liive kwanza nje, mpaka linanukia na linaitika kiganjani, ndipo liingie kwenye friji. Hapo ubaridi hauna tena cha kuharibu upesi, unalizuia tu lisiendelee kulainika, nawe unapata siku tatu hadi tano za kula kwa raha. Litoe nusu saa kabla ya kula, kwa kuwa ubaridi huficha harufu, na fyulisi bila harufu ni nusu ya fyulisi. Plamu zinavumilia zaidi kidogo, lakini sheria ni ile ile.

Cheri ni habari tofauti kabisa, na hapo hukukosea wewe, alikosea aliyezichuma au aliyezihifadhi. Cheri haiivi baada ya kuchumwa. Haina cha kungoja, hata ukiifungia na ndizi kumi. Ilivyo dukani ndivyo itakavyokuwa kinywani, halafu kila siku inashuka. Kwa hiyo cheri inatendewa kinyume cha fyulisi: friji mara moja, na iliwe ndani ya siku chache. Ukinunua, tazama vikonyo. Kikiwa cha kijani na kimejaa, imetoka shambani karibuni. Kikiwa cha kahawia kimekauka, imeshazunguka sana. Ganda ling'ae, liwe gumu, na kwa zile nyekundu, rangi iliyokolea sana ndiyo nzuri. Cheri nyekundu mpauko ilichumwa mapema.

Msimu wake nao uujue, kwa sababu kwetu zinakuja kwa ndege. Kusini mwa dunia, kama Afrika Kusini, mavuno ni Novemba na Desemba. Kaskazini ni Juni na Julai. Uturuki ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuzilima. Cheri utakayoiona dukani Machi au Septemba, mimi nisingeigusa kwa bei hiyo. Na zile za kwenye chupa, nyekundu za kuweka juu ya keki, zimeondolewa rangi yake, zikaloweshwa sukari na kutiwa rangi upya. Usizitumie kuihukumu cheri yenyewe.

Mambo mawili kwa ajili ya watoto. Kwanza funza. Nzi wa matunda aliyetoka Asia alionekana Kenya mwaka 2003 na tangu hapo ameenea Afrika yote ya mashariki. Yeye na wale wa kienyeji wanapenda fyulisi sana. Tazama kama kuna kitundu kidogo au tone la utomvu kwenye ganda, na mpe mtoto mdogo tunda lililokatwa, usimpe zima. Ukikuta funza, tunda hilo usilitupe uani. Lifunge kwenye mfuko uuache juani siku kadhaa, au lifukie chini sana, vinginevyo utakuwa unafuga nzi wa maembe yako mwenyewe.

Pili ni kokwa. Ndani yake mna kiini kinachofanana na lozi, kina uchungu, na kikitafunwa au kusagwa hutoa sumu ya sianidi. Mtoto akimeza kokwa zima la plamu kwa bahati mbaya, sumu haitoki, hatari ni kumkaba. Lakini usitie makokwa kwenye blenda, na usimsikilize mtu anayekuuzia viini vya aprikoti kama dawa ya saratani. Havitibu, na vimewahi kulaza watu hospitali.

Hata ukichagua vizuri, kwenye sado hazikosekani plamu kumi zitakazobaki chachu. Usizitupe, zina kazi yake. Zikate vipande, chumvi na pilipili ya unga, kama embe bichi la nje ya shule; watoto watazimaliza kabla hujanawa mikono. Au ziweke kwenye kachumbari ya samaki wa kukaanga mahali pa ndimu.

Zilizobaki zifanye jamu. Plamu ina pektini nyingi na uchachu wa kutosha, haihitaji kuongezwa kitu. Kilo moja ya plamu, ioshe, ipasue kati, utie nusu glasi ya maji na uchemshe moto mdogo mpaka maganda yalainike kabisa. Subiri hatua hiyo kabla ya kutia sukari, kwa sababu sukari ikitangulia maganda hukakamaa na hayalainiki tena. Kisha gramu 750 za sukari, moto mkali, koroga. Makokwa yatabanduka na kuelea juu, yatoe kwa kijiko. Tia tone kwenye kisahani kilichokaa kwenye friji. Ukilisukuma kwa kidole likijikunja, epua na ujaze kwenye chupa zilizochemshwa, zikiwa bado za moto. Ukitaka kufanya ya mafyulisi, yatumbukize kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha kwenye maji baridi, ganda litavuka lenyewe. Kwa hayo kamulia malimao mawili kwa kila kilo, maana pektini yake ni chache, bila hivyo utapata sharubati.

Mwakani mkisimama Mombo, nunueni sado moja badala ya tatu, mchague tunda moja moja, na liwekeni ndani ya gari mlipo nyinyi, msilitie kwenye buti. Buti la gari linalotoka Mombo hadi Dar mchana wa Januari ni tanuri, na kazi yote ya kuchagua itakuwa imepotea kabla hamjafika Chalinze.